Mikono Mitupu Jeshini: Kutoka Mikeka ya Kano hadi Shule za Makomando

Mwaka 1876 serikali ya Meiji nchini Japani ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na watumishi wa serikali katika sherehe rasmi. Miaka mitatu kabla ya hapo ilikuwa imeanzisha jeshi lililoandikisha vijana wa tabaka zote, na bunduki ilikuwa imeshachukua nafasi ya samurai. Amri hizo mbili ziliiacha jujutsu bila kazi. Jujutsu lilikuwa jina la jumla la mbinu ambazo samurai alizitegemea pale upanga ulipovunjika, au adui alipomsogelea mno asiweze kuuchomoa: kumwangusha, kumpinda kiungo, kumtia kabali, kumpiga mahali palipo dhaifu. Shule zake zilikuwa mamia, kila moja na siri zake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 walimu wengi walikuwa wakijipatia riziki kwa kuunga mifupa, ufundi walioupata kwa kutibu majeraha ya wanafunzi wao.

Sanaa hiyo iliyokuwa inakata roho ilifufuka katika kizazi kilekile. Iliingia polisi, ikavuka bahari, na mbegu yake ikaonekana katika mifumo mingi ya mapigano ya mikono mitupu iliyofundishwa katika majeshi makubwa ya karne ya 20. Haikufufuliwa na wingi wa mbinu zake, kwa maana mbinu zilikuwepo tangu zamani. Ilifufuliwa na namna mpya ya kuzifanyia mazoezi.

Kano Jigoro alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Mikage, ambao leo ni sehemu ya jiji la Kobe. Alikuwa mdogo wa umbo, na alipokuwa shuleni mjini Tokyo wenzake wenye nguvu walimwonea. Mwaka 1877 alimpata mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Hachinosuke, wa shule ya Tenjin Shin'yo iliyojulikana kwa kabali, kupinda viungo na mapigo ya mwili. Fukuda alifariki mwaka 1879. Miaka miwili baadaye Kano alianza kujifunza kwa Iikubo Tsunetoshi wa shule ya Kito, mabingwa wa kuangusha. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21 na ametoka tu kuhitimu Chuo Kikuu cha Tokyo, alifungua chuo chake katika hekalu la Wabudha la Eishoji. Alikiita Kodokan. Kilikuwa na mikeka 12 na wanafunzi 9, na sanaa iliyofundishwa humo aliiita judo.

Mazoezi ya jujutsu yalikuwa ya aina mbili. Kata ni mfululizo wa mikao na miondoko iliyopangwa: mmoja anashambulia kwa namna inayojulikana, mwenzake anajibu kwa namna inayojulikana. Randori ni mapambano ya kweli ya mazoezini, ambapo kila mmoja anataka kumwangusha mwenziwe na hakuna ajuaye nini kitafuata. Shule kadhaa za zamani zilikuwa na randori, lakini Kano ndiye aliyeifanya kuwa uti wa mgongo wa mafunzo. Ili kufika hapo ilimbidi afanye uamuzi ambao walimu wengi wa wakati wake waliuona kama kuipunguza sanaa. Mapigo ya kuua, kupinda vidole na mbinu nyingine za hatari aliziweka kando katika kata, na katika randori akaacha zile tu ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote bila kumvunja mwenzake. Hapo ndipo penye siri ya mafanikio ya judo. Mwanafunzi wa shule ya zamani alijua mbinu mia za kuua na hakuwahi kuitumia hata moja kwa mtu anayekataa kuuawa. Mwanafunzi wa Kano alijua mbinu chache zisizoua, na alikuwa amezitumia mara maelfu kwa watu waliomkatalia kwa nguvu zote.

Jambo la pili alilolisisitiza Kano ni kumyumbisha mpinzani kabla ya kumwangusha. Mtu aliyesimama imara hata mwenye nguvu humtoa jasho. Aliyekwisha kupoteza mhimili wake, hata mwembamba humlaza kwa mtama mmoja. Wazo hilo ndilo lililoifanya judo ifundishike kwa watu wa maumbo yote, na sifa ya kufundishika ndiyo ambayo baadaye majeshi yaliitafuta kuliko nyingine yoyote.

Polisi wa Tokyo walikuwa wa kwanza kuichagua. Katika miaka ya 1880 jeshi hilo la polisi liliandaa mashindano kati ya shule mbalimbali za jujutsu, likitafuta walimu wa askari wake, na vijana wa Kodokan walishinda mapambano mengi. Wanafunzi wa Kano, miongoni mwao Yamashita Yoshitsugu na Yokoyama Sakujiro, wakawa walimu wa polisi. Si ajabu kwamba polisi walitangulia jeshi. Mwanajeshi ana bunduki na ruhusa ya kuua. Akibaki mikono mitupu, mambo yameshaharibika. Polisi hukutana kila usiku na mlevi, mwizi au mgomvi ambaye lazima afikishwe kituoni akiwa hai. Kwake yeye kumwangusha mtu na kumdhibiti ni kazi ya kila siku.

Habari za judo zilifika mbali upesi. Mwaka 1904 Yamashita alimfundisha Rais Theodore Roosevelt katika Ikulu ya Marekani, na baada ya hapo akafundisha katika chuo cha maofisa wa jeshi la majini kilichoko Annapolis.

Kusini mwa Japani, katika visiwa vya Okinawa, sanaa nyingine ilichaguliwa kwa njia tofauti kabisa. Wakati wa kupima afya za vijana waliojiandikisha jeshini, mwanzoni mwa miaka ya 1890, madaktari walivutiwa na miili iliyojengeka ya vijana waliofanya karate, wakiwemo Yabu Kentsu na Hanashiro Chomo. Mwalimu Itosu Anko aliitumia nafasi hiyo. Mwaka 1901 karate iliingizwa katika shule ya msingi ya Shuri, na mwaka 1908 Itosu aliiandikia idara ya elimu ya mkoa barua yenye hoja kumi, akieleza kwamba watoto wakifunzwa karate tangu shuleni wataifaa nchi watakapokuwa askari.

Hoja ilikubalika, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Karate ya zamani ilifundishwa kwa mtu mmoja au wawili, usiku, katika ua wa mwalimu. Shuleni ilibidi ifundishwe kwa makumi ya watoto kwa pamoja, wamejipanga kwa mistari, wakirusha ngumi kwa kuhesabiwa, kama makuruta kwenye gwaride. Miondoko ilihifadhiwa na matumizi yake yakafifia. Yaliyotokea Okinawa yanafaa kuwekwa kando ya yale ya Eishoji: serikali ileile, zama zilezile, lengo lilelile la kutengeneza vijana wa kulitumikia taifa, lakini upande mmoja ulikuza mapambano huru na mwingine ukakuza nidhamu ya mstari. Kwa afya na utii, njia ya Okinawa ilitosha. Kwa mtu atakayekabwa gizani, haikutosha.

Uingereza iliipata jujutsu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kupitia Wajapani waliofika London karibu na mwaka 1900, maarufu kati yao wakiwa Yukio Tani na Sadakazu Uyenishi, waliopambana na wanamieleka jukwaani. Walioitumia kwa shida ya kweli katika jiji hilo walikuwa wanawake. Edith Garrud, mwanamke mfupi wa takriban sentimita 150, alikuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa kike wa jujutsu barani Ulaya. Mwaka 1913, polisi walipokuwa wakiwakamata tena na tena viongozi wa harakati za kudai haki ya wanawake ya kupiga kura, aliwafundisha walinzi wa kike wa Emmeline Pankhurst. Walilenga kumchelewesha askari kwa muda tu ili kiongozi wao atoroke, na kwa lengo hilo jujutsu ilifaa sana.

Jeshi la Uingereza lenyewe lilishikilia ndondi na singe. Ndondi ilipendwa kwa sababu ambayo haikuwa ya kivita moja kwa moja. Makamanda waliamini kwamba kijana aliyezoea kupigwa usoni bila kugeuza mgongo atakuwa askari bora, na kwa hilo hawakukosea. Desturi hiyo ilifika hata Afrika Mashariki kupitia kikosi cha King's African Rifles, ambacho askari wake walihimizwa kupanda ulingoni. Idi Amin, aliyejiunga nacho mwaka 1946, alipata umaarufu wake wa kwanza kama bingwa wa ndondi wa Uganda katika uzito wa juu mwepesi. Hata hivyo ngumi ya ulingoni hupigwa na mkono uliofungwa bandeji na kuvikwa glavu, mbele ya refa. Ngumi hiyohiyo ikipigwa kwa mkono mtupu kwenye fuvu, mara nyingi huvunja mkono wa mpigaji.

Mtu aliyetengeneza jawabu lililofuatwa na majeshi ya Magharibi alikuwa polisi. William Ewart Fairbairn alizaliwa Uingereza mwaka 1885, akatumikia jeshi la wanamaji na kupelekwa Korea, kisha mwaka 1907 akajiunga na polisi wa eneo la kimataifa la Shanghai. Mji huo wa bandari ulikuwa na magenge, biashara ya kasumba, utekaji nyara na bastola nyingi mitaani. Katika miaka yake ya mwanzo kazini alishambuliwa na genge akapigwa vibaya hadi kulazwa hospitalini. Alipopona alijifunza jujutsu kwa mwalimu Mjapani aliyeitwa Okada, na kwa miaka mingi aliendelea na mazoezi hadi akapata dani ya pili ya mkanda mweusi ya Kodokan. Alijifunza pia mbinu za Wachina. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kuhusu mfumo wake, aliouita Defendu, na alikuwa miongoni mwa waliojenga kikosi cha kuzuia ghasia cha polisi hao baada ya mauaji ya waandamanaji ya tarehe 30 Mei 1925.

Fairbairn alistaafu mwaka 1940 akarudi Uingereza, nchi iliyokuwa imetoka kuondoa majeshi yake Dunkirk na kuogopa uvamizi wa Ujerumani. Yeye na mwenzake wa Shanghai, Eric Anthony Sykes, walipewa vyeo vya kapteni na kupelekwa Lochailort katika nyanda za juu za Uskoti kuwafundisha makomando. Hapo ndipo swali la sanaa ipi ichaguliwe lilipoulizwa kwa ukali kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu alikuwa na mkanda mweusi uliomgharimu miaka mingi, lakini wanafunzi wake walikuwa na siku chache tu kabla ya kutumwa ng'ambo.

Alichofanya Fairbairn ni kupunguza. Kabali zinazodai ustadi, miangusho mirefu, kupinda vifundo vya mikono kwa vidole: karibu vyote alivitupa. Alibakiza mapigo machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyashika kwa siku kadhaa: kiganja kilichofunguliwa kikipanda chini ya kidevu, bapa la mkono kwenye shingo, goti kwenye kinena, buti likiteremka juu ya muundi hadi kukanyaga unyayo. Sababu yake iko katika mwili wenyewe. Mtu aliyeshikwa na hofu moyo humwenda mbio, vidole hutetemeka, macho huona mbele tu na masikio huziba. Katika hali hiyo kazi za vidole huharibika mwanzo, na mwendo mpana wa mkono na mguu ndio hudumu. Mbinu inayohitaji kukamata kidole gumba cha adui kwa pembe sahihi hupendeza ukumbini. Kwa askari mwenye baridi, begi mgongoni na hofu kifuani, haina msaada.

Jambo jingine alilolibadilisha lilikuwa mahali na hali ya mazoezi. Makomando walifundishwa kushambulia kwanza na kuendelea hadi adui asiweze tena. Mazoezi ya bastola, aliyoyaanzisha tangu Shanghai, yalifanywa katika nyumba zenye vyumba vya giza, kelele na shabaha za kushtukiza. Fairbairn na Sykes walisanifu pia kisu chembamba chenye makali pande mbili, kilichoanza kutengenezwa na kampuni ya Wilkinson Sword mwanzoni mwa 1941 na ambacho hadi leo ni alama ya makomando. Mwaka 1942 kikatoka kitabu cha Fairbairn, All-In Fighting. Kutoka Uskoti alipelekwa Amerika Kaskazini kufundisha majasusi wa Kanada na Marekani. Mmarekani Rex Applegate, aliyefanya kazi naye, aliyaweka mafunzo hayo katika kitabu chake Kill or Get Killed cha mwaka 1943.

Mfumo wa Fairbairn ulikuwa na kasoro moja kubwa, iliyotokana na ubora wake wenyewe. Mapigo ya kuua hayawezi kufanyiwa randori. Askari waliyapiga kwenye hewa, kwenye vinyago vilivyojazwa majani, au kwa wenzao kwa upole. Kwa mtu anayetumwa vitani wiki ijayo, mpango huo ulikuwa sahihi, kwa sababu muda wa kufanya kingine haukuwepo. Kwa jeshi la wakati wa amani, ambalo lina askari kwa miaka, ulizaa ustadi uliooza haraka: kozi ikiisha, mazoezi yanaisha.

Urusi ya Kisovieti ilichukua njia nyingine kutoka chimbuko lilelile. Vasili Oshchepkov, yatima kutoka kisiwa cha Sakhalin aliyesomeshwa katika seminari ya Kiorthodoksi mjini Tokyo, aliingia Kodokan mwaka 1911 na kupata dani ya kwanza mwaka 1913. Aliporudi kwao alifundisha judo Vladivostok, na baadaye Moscow, hata ndani ya Jeshi Jekundu. Yeye na wanafunzi wake walichanganya judo na mieleka ya jadi ya watu wa Muungano wa Kisovieti, kama Wajojia, huku Viktor Spiridonov akijenga mfumo mwingine wa kujihami katika chama cha michezo cha Dynamo. Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa sambo, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kirusi yenye maana ya kujihami bila silaha, na iliyotambuliwa rasmi kama mchezo tarehe 16 Novemba 1938. Oshchepkov hakuiona siku hiyo. Alikamatwa Oktoba 1937 kwa tuhuma za kuijasusia Japani, akafa gerezani siku chache baadaye. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa katika historia ya mchezo aliouasisi, dhuluma iliyosahihishwa baada ya wengi waliomjua kufa.

Imi Lichtenfeld, mwanzilishi wa krav maga, mfumo wa mapigano wa jeshi la Israeli, hakutoka katika mstari wa Wajapani. Alizaliwa Budapest mwaka 1910 na kukulia Bratislava. Baba yake alikuwa mpelelezi wa polisi aliyewafundisha askari wenzake kujihami, na yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa mieleka na mwanandondi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 aliongoza vijana wa Kiyahudi kupambana mitaani na magenge yaliyowavamia, na huko akagundua jambo ambalo ulingo haukuwa umemfundisha: mtaani hakuna uzito wala refa, na mshambuliaji huja na wenzake. Aliondoka Ulaya mwaka 1940 na kufika Palestina mwaka 1942. Jeshi la Israeli lilipoundwa mwaka 1948 alikuwa mkufunzi mkuu wa mazoezi ya viungo na mapigano ya mikono.

Makuruta wake walikuwa wahamiaji wa lugha nyingi, wembamba na wanene, wenye umri tofauti, na wengine walikwenda vitani baada ya mafunzo mafupi sana. Akachagua miitikio ambayo mwili huifanya wenyewe unaposhtuka, kama kuinua mikono kulinda uso, na kujenga mbinu juu yake, ili askari asilazimike kwanza kusahau alichozaliwa nacho. Alipostaafu katikati ya miaka ya 1960 aliirekebisha krav maga kwa ajili ya raia. Marekebisho hayo yalihitajika, maana raia anayejihami hujibu mbele ya sheria kwa kila pigo, na mara nyingi lengo lake bora ni kupata nafasi ya kukimbia.

Mzunguko ulifungika Marekani. Mwaka 1995 Kikosi cha Pili cha Ranger kilianza kupitia upya mafunzo yake ya mikono mitupu, kazi iliyoongozwa na sajenti Matt Larsen. Waligundua tatizo lilelile la mifumo ya vita: askari walifundishwa mbinu za kutisha ambazo hakuna aliyezifanyia mazoezi baada ya kozi. Walitazama judo, sambo, mieleka, ndondi na nyingine, wakachagua jujutsu ya Kibrazili kuwa msingi. Sanaa hiyo ina mapambano huru kila siku, ina mashindano yanayomvuta kijana arudi ukumbini bila kuamriwa, na mtu huweza kuanza akiwa hajui chochote. Mizizi yake ni ya Eishoji: Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, alifika Brazili mwaka 1914, akaweka makazi Belém, na huko ndiko Carlos Gracie, mmoja wa waasisi wa jujutsu hiyo ya Kibrazili, alikojifunza.

Jeshi zima la Marekani liliupokea mfumo huo katika mwongozo wake wa mafunzo wa mwaka 2002, na mapigo, silaha na mapambano ya watu wengi yakaongezwa juu ya msingi wa kukamatana. Makuruta huanza kwa kujifunza namna ya kumkalia adui na kumzuia asiinuke. Sababu wanayoelezwa ni kwamba katika vita vya kweli mshindi wa mapambano ya mikono ni yule ambaye mwenzake atafika kwanza na bunduki.